Kodi Mbili, Shule Moja

14 Agosti

Shule imefunguliwa leo. Kiyoyozi cha darasa langu kilikohoa mara moja, kikanyamaza, na kufikia adhuhuri watoto wa darasa la nne walikuwa wamelaza vichwa juu ya madawati. Sikuwafundisha kitu, nimewasomea hadithi tu. Fundi atakuja, wamesema. Mwaka jana pia walisema hivyo hivyo.

Niandike mambo yalivyo, maana Novemba ikifika nitataka kukumbuka tulianzia wapi. Kaunti haina pesa za shule. Bodi imeshatangaza kwamba hali ikibaki hivi, kati ya shule mbili ndogo za upande wetu wa magharibi moja itafungwa: ama Cotter, ninakofundisha mimi, ama Tinley iliyo ng'ambo ya mfereji. Ipi, hawajasema. Ndiyo sababu mwezi wa tatu tulikaa jikoni kwangu, mimi na Rosaura Quintero na Pahoua Vang, tukaanzisha kitu ambacho sasa kinaitwa Pendekezo M. Rosaura ni mwenyekiti wa chama cha walimu, na ni rafiki yangu tangu tulipoajiriwa wote wawili tukiwa wasichana, tukapanga nyumba moja yenye bomba linalovuja. Pahoua anafundisha Tinley. Ni mdogo kuliko binti yangu, na akitembea inabidi nikimbie kidogo kumfikia. Tulisimama nje ya maduka tukiomba sahihi hadi miguu ikatoka malengelenge, na M ikaingia kwenye karatasi ya kura.

M ni kodi ya ardhi. Kila eka ya shamba italipiwa kila mwaka, na pesa itakwenda shuleni moja kwa moja. Madiwani hawaruhusiwi kuigusa. Basi mwezi wa saba madiwani nao wakaleta ya kwao, Pendekezo K: nusu senti juu ya kila dola unayotumia dukani, "kwa shule na usalama," na pesa yenyewe inaingia mfuko mkuu wa kaunti, wao wagawe watakavyo. Zikipita zote mbili, yenye kura nyingi ndiyo itakayoshika na nyingine inakufa. Zikianguka zote mbili, hatuna kitu.

Jioni nimemkuta Gil, mume wangu, getini, anapigilia bango la K kwenye nguzo.

"Bwana wee, hilo ni geti langu pia," nikamwambia.

"Upande wa kushoto wako. Weka lako." Akanipa nyundo. "Bibie, mimi sikufichi. Nina milozi, nina deni la pampu, na wewe unataka nilipe kila eka. Nitapiga K na bado nitakupikia maharage."

Nikaweka langu upande wa kushoto. Limekaa mshazari.

19 Agosti

Wameanza kutikisa milozi ili lozi zianguke. Vumbi hadi ndani ya sukari.

24 Agosti

Jumamosi nzima nimekwenda nyumba kwa nyumba na Pahoua. Watu wanachanganya. K, M, wanaona herufi tu. Mzee mmoja anayeishi nyuma ya kituo cha mafuta alitusikiliza huku ameshika komeo la mlango wa wavu.

"Zote ni kodi?" akauliza.

"Zote ni kodi, baba," Pahoua akasema. "Lakini ukinunua viatu, K inakutoza wewe. M inamtoza mwenye shamba."

"Mimi viatu nilinunua mara ya mwisho mke wangu akiwa hai."

"Basi dawa. Mafuta ya gari. Chakula cha mbwa."

Akamtazama mbwa. "Na madiwani watafanya nini na hiyo ya mbwa?"

"Hicho ndicho ambacho hatujui. Wameandika 'shule na usalama.' Usalama ni pamoja na jela wanayotaka kuipanua."

"Haya, niachieni karatasi ya hiyo nyingine."

Tulipofika barabarani Pahoua akacheka. "Mwalimu Nelda, tumepata kura moja na mbwa." Namwita mwanangu bila kufikiri, naye haonekani kukasirika.

3 Septemba

Moshi wa mioto ya milimani. Hakuna mapumziko ya nje, watoto wamechezea ukumbini.

7 Septemba

Rosaura amekuja peke yake na pai ya pichi. Gil yuko shambani na wafagiaji wa lozi. Tumekaa jikoni, viatu tumevua, kama zamani.

Sijui nini kilinifungua mdomo. Labda ni kumwona Gil wiki hii, uso mweupe kwa vumbi, akipiga hesabu usingizini. Nikamwambia Rosaura lile ambalo limekuwa likinikaa kooni tangu mwezi wa nne: kwamba M tuliiandika vibaya. Tulitaka kodi iongezeke kadiri shamba linavyokuwa kubwa. Wakili akasema kiwango lazima kiwe kimoja, la sivyo mahakama itaifuta. Basi eka ya Gil italipa sawasawa na eka ya Dwight Lassiter, na Lassiter ana milozi ambayo ukianza kuizunguka kwa gari unahitaji kubeba chakula. Nikasema, "Kama nisingekuwa mwalimu, ningeipigia M kura ya hapana mimi mwenyewe. Itawaumiza wadogo, wakubwa hawatahisi."

Lassiter ndiye diwani anayeongoza kampeni ya K.

Rosaura akanishika mkono. "Umechoka, dada. Sema yote. Yatabaki hapa hapa."

"Bado nitaipigia. Hakuna nyingine inayofika shuleni."

"Najua," akasema, na akanikatia kipande kingine.

Nimejisikia mwepesi kuliko wiki zote.

15 Septemba

Mdahalo kwenye ukumbi wa Wareno. Kina mama walipika supu ya nyama na mnanaa, ikamiminwa juu ya mkate kama wakati wa sikukuu, kwa hiyo watu walijaa. Wengi walikuja kwa supu. Lassiter aliongea upande wa K, Rosaura upande wa M. Lassiter ni mtu mnene, mpole, anajua jina la mama yako. Alisema wakulima ndio wanaolisha kaunti na M inamkata ng'ombe wa maziwa mguu.

Mtu mmoja nyuma akauliza swali tulilokuwa tunaliombea: "Hiyo K, pesa imefungwa kwa shule au haijafungwa?"

Nikasogea ukingoni mwa kiti changu. Rosaura anajua jibu hilo kuliko jina lake. Lakini alishika kipaza sauti akasema, "Nadhani kila upande una nia njema. Tuwaamini viongozi wetu na tusome wenyewe." Halafu akakaa.

Pahoua aliniinamia. "Mbona amempa Lassiter njia?"

"Anataka wasimwone mgomvi. Ana mbinu zake, mwanangu. Mimi namjua."

"Mimi simjui," Pahoua akasema, akarudia kula.

Nimeudhika naye kidogo. Vijana wanadhani siasa ni kupiga kelele tu.

23 Septemba

Fundi wa kiyoyozi amekuja. Amesema kinahitaji fundi.

29 Septemba

Vipeperushi vyetu vya mwisho havijatoka. Nimempigia Rosaura mara kadhaa. Amenitumia ujumbe: "Chama kinapanga upya matumizi. Usiwe na wasiwasi." K wako kila mahali, kwenye redio, kwenye mabango ya barabara kuu, hata nyuma ya basi la shule. Gil ameliona hilo la basi akasema, "Hapo mmezidiwa, bibie." Hakusema kwa kejeli. Alinisaidia kuosha vyombo.

3 Oktoba

Mvua mapema, na lozi za Gil bado ziko chini. Shule ilipoisha nimekwenda moja kwa moja shambani na gauni langu la darasani. Tumezigeuza zikauke, yeye na trekta, mimi na reki, na Basilio anayemsaidia. Sehemu imeshaoza. Gil hakulalamika. Alisema tu, "Mwaka huu tutakunywa kahawa nyeusi," na akaendelea.

Nilimtazama mgongo wake nikafikiria M, na jinsi ninavyomjibu kila akitaja habari ya eka. Huwa namwita bahili. Ninasema kwa utani, lakini huwa nasema.

9 Oktoba

Sitaki kuandika hii, lakini nikiacha nitalala nayo.

Nilikuwa nasahihisha insha mezani. Gil aliingia na barua kutoka kwenye sanduku. Aliweka bili upande mmoja, akabaki ameshika karatasi moja ngumu, yenye kung'aa. Alisimama nayo muda mrefu hata nikainua macho.

Akaiweka mbele yangu. Ilikuwa picha yangu. Ni ile aliyonipiga Rosaura kwenye tafrija ya Siku ya Wafanyakazi, nimevaa kofia ya majani, nacheka. Juu yake maandishi mekundu: HATA MWANZILISHI WA M ANAIKATAA. Chini yake: "Ningeipigia M kura ya hapana mimi mwenyewe. Itawaumiza wadogo, wakubwa hawatahisi." Nelda Bettencourt, mwalimu, Shule ya Cotter. Na pembeni: CHAGUA K, KWA SHULE NA USALAMA.

Sehemu ya "kama nisingekuwa mwalimu" imekatwa. Sehemu ya "bado nitaipigia" haipo kabisa.

"Haya maneno uliyasema?" Gil akauliza.

"Niliyasema."

"Kwa nani?"

"Rosaura. Hapa hapa. Siku ile ya pai."

Akavuta kiti akakaa. Nilidhani atacheka, au atasema hiyo ndiyo siasa. Alisema, "Miezi yote hii nakuambia eka yangu si sawa na eka ya Lassiter, unaniita bahili mbele ya watu. Kumbe unaona kama mimi. Rosaura ukamwambia. Mimi hukuniambia."

"Gil."

"Sigombi. Nakwambia tu nilivyosikia."

Halafu akatoka kwenda kufungia kuku, nami nikachukua ufunguo wa gari.

Rosaura alikuwa ofisini, yeye na mashine ya kahawa. Aliponiona hakushangaa. Hilo ndilo lililoniumiza kwanza, kwamba alikuwa ananingoja.

"Kaa, Nelda."

"Nitasimama."

"Nilijua utakasirika. Nilijua pia kwamba nikikuomba utakataa. Ndiyo maana sikukuomba."

"Uliniambia yatabaki pale."

"Nilikusudia yabaki. Siku ile nilikusudia." Akajikuna kifundo cha mkono, kama anavyofanya tangu tukiwa wasichana. "Wiki iliyofuata tulipima maoni ya watu. K inaanguka na M inaanguka. Zote mbili. Watu wakiona kodi mbili wanazikataa zote. Moja ilibidi ife ili nyingine ipite. Nikaenda kwa Lassiter nikamwuliza, nikikusaidia kuiua M, walimu wangu wanapata nini? Akasema Cotter haitafungwa. Ana kura za bodi mkononi, anaweza."

"Kwa hiyo siku ya mdahalo ulikuwa umeshatuuza."

Akasogeza kikombe chake cha kahawa.

"Na Tinley?" nikauliza.

Akatazama dirishani. Nje hakuna kitu, ni sehemu ya kuegeshea magari tu. "Sikuweza kupata zote mbili."

"Pahoua anajua?"

"Bado."

"Pahoua alisimama juani pamoja na wewe. Alikubebea meza."

"Nelda, ungependa nifanye nini? Ningekuuliza ungesema hapana, nami ningemwambia Lassiter hapana, zingeanguka zote, na bodi ingefunga shule, labda zote mbili. Watoto wako wangepakiwa kwenye basi, lakini sisi wawili tungebaki safi. Ni hicho unachotaka?"

Nikasema, "Ungetumia maneno yako. Una mdomo."

"Wangu hawauamini. Wako wanauamini," akasema polepole, kama mtu anayenisifu.

Nikaondoka. Njiani niliegesha pembeni ya mfereji, nikakaa ndani ya gari kabla ya kurudi nyumbani.

10 Oktoba

Chumba cha walimu. Nikiingia wanaacha kuongea. Mwalimu wa muziki amenipongeza. Nimemwuliza kwa nini, akasema, "Si Cotter imepona? Habari zimeenea." Ananiona nimefanya jambo la akili.

Pahoua hapokei simu.

11 Oktoba

Hapokei.

14 Oktoba

Nimekwenda Tinley baada ya masomo. Alikuwa anabandika majani ya karatasi ukutani. Nikamweleza yote tangu mwanzo, pai na wakili na mapatano. Hakugeuka mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo siku zile tunatembea nyumba kwa nyumba, tayari ulikuwa unaona M ni mbaya," akasema.

"Niliona ina kasoro. Bado ni bora kuliko K."

"Mimi hukuniambia kasoro. Nilimwapia yule mzee wa mbwa. Nimewaapia wazazi hapa, kwa Kihmong chetu kwa wazee, kwa Kihispania changu kibovu kwa wengine, kwamba nimeisoma na walioiandika wanaiamini."

"Naiamini, Pahoua."

"Labda. Lakini shule inayobaki ni ya kwako, Mwalimu Nelda." Alisema "mwalimu" kwa heshima ile ile ya siku zote, na ndiyo maana ilinichoma. "Ungekuwa wewe upande huu wa mfereji, ungeamini nini?"

Nimerudi nyumbani nikipita njia ndefu.

15 Oktoba

Gazeti la mji limechapisha barua niliyowaandikia kueleza maneno yangu yalivyokatwa, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la matairi.

20 Oktoba

Nimesema nitakwenda tena nyumba kwa nyumba, peke yangu, ng'ambo ya mfereji, nieleze maneno yangu yalivyokuwa. Gil akasema, "Na wakikufungulia mbwa?"

"Nitakimbia."

"Kwa magoti yapi?" Akavaa kofia. "Nitakuendesha. Usinielewe vibaya, bado napiga K. Sina pesa ya M, hasa mwaka huu. Lakini hutazunguka peke yako."

Basi tulizunguka hivyo, mpinzani wangu kwenye usukani wa pikapu, mimi mlangoni. Wachache walisikiliza. Mama mmoja alikuwa amekibandika kipeperushi kile kwenye friji. Niliiona kupitia mlangoni picha yangu ikicheka kati ya michoro ya watoto wake. Nilimweleza. Alisema, "Sasa wewe unataka tuipige au tusiipige?" Nikasema muipige. Akasema, "Juzi ulisema tusiipige," na hakuwa na ubaya, alitaka kuelewa tu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwongo.

Kwenye gari Gil hakuuliza imekwendaje. Alinipa nusu ya mkate wake wenye soseji.

Naona nimewapanga watu vibaya. Gil nilimwona mtu wa eka na pampu, Rosaura nilimwona dada.

28 Oktoba

Ukungu wa kwanza. Mabasi yamechelewa.

5 Novemba

Nimepiga kura M. Gil alikuwa kibanda cha pili. Tulitoka tukaenda kula chapati za mahindi na nyama, tukaongea habari za mvua.

6 Novemba

K imepita kwa tofauti ndogo. M imeanguka vibaya sana.

Rosaura alikuwa na kweli yake kuhusu hesabu, basi. Au ni kwamba M iliangushwa na uso wangu. Sitajua kamwe, na hilo pia amenichukulia.

14 Novemba

Kikao cha bodi. Ukumbi umejaa, wazazi wa Tinley wamesimama ukutani na makoti yao, wengi wametoka kazini moja kwa moja.

Walianza na pesa za K. Mwakilishi wa kaunti alieleza kwamba mwaka wa kwanza fungu kubwa litakwenda kwenye upanuzi wa jela kwa sababu mkataba umeshatiwa sahihi, na shule zitaanza kuona "nafuu" mwaka unaofuata. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma saa za basi. Baadaye wakapiga kura kuifunga Tinley. Mtambo wake wa joto umeharibika na hawaoni sababu ya kuutengeneza, kwa hiyo watoto watahamia Cotter baada ya likizo ya Krismasi, na walimu walioajiriwa mwisho wataachishwa. Pahoua ni wa mwisho kabisa.

Ningeweza kuyabeba hayo. Lakini mwenyekiti wa bodi akainua kichwa, akanitafuta kwa macho, akasema, "Kabla hatujaendelea, tumshukuru Mwalimu Bettencourt wa Cotter, ambaye alikuwa na ujasiri wa kusema ukweli kuhusu M wakati haikuwa rahisi." Akapiga makofi. Wengine mbele wakapiga. Lassiter alipiga. Kule ukutani hakuna aliyepiga, na wote walikuwa wananitazama.

Nikaenda kwenye kipaza sauti. Nikasema, "Niliyasema maneno yale jikoni kwangu kwa mtu niliyemwamini. Nililalamikia bei ya eka. Sikusema mfunge Tinley, na sikusema mjenge jela. Msinishukuru kwa kitu mlichoniibia."

Mwenyekiti akasema muda wa wananchi kutoa maoni ni baadaye, na kipaza sauti kikazimwa. Nilisema sentensi nyingine moja lakini sidhani ilifika safu ya tatu. Rosaura alikuwa safu ya kwanza. Niliona shingo yake ikiwa nyekundu. Hakugeuka.

22 Novemba

Nimemkuta Pahoua darasani anapanga vitu kwenye maboksi. Nimempelekea niliyoyafikiria wiki nzima: kwamba nistaafu mapema. Nikitoka mimi, nafasi moja inabaki, na kwa utaratibu wa chama inamwangukia yeye.

Alikaa juu ya kiti kidogo cha mwanafunzi, magoti karibu na kidevu.

"Umemwambia Mzee Gil?"

"Amesema tutakunywa kahawa nyeusi miaka miwili."

Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaisha. "Hapana."

"Sikupi kama zawadi. Ni haki yako."

"Nimeshapata kazi Fresno. Naanza Januari." Akafunga boksi kwa utepe, akaukata kwa meno. "Na hata kama nisingepata. Ukiondoka wewe, unajisikia vizuri, na watoto wangu wanaingia shule ambayo hakuna anayejiona ana deni kwao. Baki. Kaa nao. Wajue wewe ni nani, na wewe uwajue."

"Na sisi wawili?"

"Sikuamini bado," akasema. "Siwezi kujilazimisha."

Nilimsaidia kubeba maboksi hadi kwenye gari. Hilo alinikubalia.

20 Desemba

Rosaura amesimama getini, ukungu mzito hata nilimtambua kwa koti. Ameleta sufuria ya tamale, unga wa mahindi na nyama ndani ya maganda ya mahindi, kama kila mwaka. Gil alitaka kumkaribisha ndani. Nikasema nitatoka mimi.

"Shule yako iko wazi," akaniambia.

"Najua. Nafundisha humo kila siku."

"Nilifanya nilichoweza kukifanya, Nelda. Sijalala vizuri."

"Naamini."

"Utanisamehe lini?"

Nikafikiri kwa kweli, maana aliuliza kwa kweli. "Sijui. Nikiwa na jambo moyoni sasa, natafuta nani wa kumwambia, na kila mara unakuja wewe kwanza, halafu nakumbuka. Labda siku ambayo hutakuja kwanza, itakuwa rahisi."

Nikapokea sufuria. Gil alizila. Mimi sikuweza.

6 Januari

Watoto wa Tinley wamekuja leo. Basi lilichelewa kwa sababu ya ukungu, likatokea ghafla taa zikiwa karibu kabisa, na wakashuka mmoja mmoja wameshikana mikoba. Tumebana madawati mpaka siwezi kupita katikati. Wa Cotter wamekaa dirishani, wa Tinley ukutani, hakuna aliyewapanga.

Nyuma ya basi lilikuwa gari dogo, na mama mmoja alishuka na binti yake. Amevaa buti na kofia ya wavu ya kiwanda cha kubangua lozi. Alikuwa ametoka zamu. Jina lake nimelijua baadaye, Eufemia Barragán. Alikuja hadi mlangoni, akanitazama usoni kama anayelinganisha.

"Wewe ndiye mwalimu wa kwenye picha?"

Niliona maelezo yote yakinijia, jikoni, wakili, nusu ya sentensi iliyokatwa. Nimeyasema mara nyingi hata yamechakaa.

"Ndiyo," nikasema. "Ndiye mimi."

Akaitikia kwa kichwa. Hakumwachia mtoto mkono. "Basi leo nitakaa nione."

"Karibu."

Hakukuwa na kiti cha mtu mzima. Alikaa nyuma, juu ya boksi la vitabu, buti zimenyooshwa mbele, mikono kifuani, na hakuvua kofia. Nikaandika ubaoni robo na nusu na theluthi, nikaanza kufundisha. Nilipogeuka alikuwa ananitazama. Kila nilipogeuka alikuwa ananitazama, macho mekundu kwa usingizi, na hakusinzia hata mara moja hadi kengele ya chakula.